Ushairi Usio na Mgeni Rasmi

Katika shule ya msingi niliyosoma Muheza, fundi wa ngonjera nilikuwa mimi. Akija mkuu wa wilaya, akija mkaguzi, likizinduliwa darasa jipya, mwalimu wa Kiswahili ataniita ofisini anipe mada: kilimo cha kisasa, usafi wa vyoo, adui ujinga. Kesho yake beti ziko tayari, kila mshororo mizani 16, vina vya kati na vya mwisho vimekaa, na ubeti wa kufungia ni sifa tupu za mgeni rasmi. Mshairi Mathias Mnyampala alizikusudia ngonjera ziwe za kujibizana na kufunza. Sisi tulibakiza makofi.

Shule ilipokwisha, mada zikakoma, nami nikakoma. Sikutunga hata ubeti wa harusi. Nani aliniomba?

Ndoa ilinipeleka Hamburg, nikapata kazi ya usiku kwenye bekari, kukunja vikate vya mdalasini ambavyo watu wa mji ule wanajivunia kweli kweli. Kilichonirudisha kwenye kutunga ni jua. Kwetu Tanga magharibi huingia saa kumi na mbili na ushei, mwaka mzima, hubadilika kidogo tu. Hamburg mwezi Desemba jua huzama saa kumi alasiri. Juni linakesha hadi karibu saa nne usiku. Nilipomweleza mama kwenye simu kwamba ni saa tatu usiku na jua linawaka, alicheka, kisha akauliza: “Magharibi mnaswali saa ngapi, mwanangu we?”

Usiku ule, mashine ya kukandia unga ikinguruma, nilijikuta nahesabu kwa vidole. Nane, na nane. Mama alikuwa amenipa kibwagizo kamili bila kujua.

Nikaandika nyuma ya karatasi za oda. Shairi lilinichukua majuma, maana safari hii sikuwa na jibu la kuanzia. Kwenye ngonjera mjinga lazima ashindwe, apeane mkono na mwerevu, wote washangilie. Hapa palikuwa na swali la mama na mimi niliyekuwa simjui wa kumsifu. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipotunga kweli.

Kiswahili kinafundishwa Hamburg tangu enzi za ukoloni wa Kijerumani, kwa hiyo vitabu vipo. Huko ndiko nilikosoma Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kitabu cha mashairi huru kilichotoka 1974, ambacho mwalimu wangu wa Muheza alikiita insha iliyokatwakatwa. Sikuviacha vina, navipenda mno. Ila vile vya kujazia nafasi nilivitoa.

Shairi nilimtumia mwalimu, sasa mstaafu, kwa simu. “Marahaba, binti yangu,” alijibu. “Zuri. Lakini ubeti wa tatu, mshororo wa pili, una mizani 17. Rekebisha.”

Nikamwambia hapo ndipo jua limegoma kuzama, nimeuacha upitilize makusudi.

Alikaa kimya siku nzima, kisha akaandika: “Kama ni hivyo, 17 ni michache.”