Kiwimbi Juu ya U

Agosti 2009 ndipo nilipokwenda Nyeri kwa mara ya kwanza. Mtoto wa Mombasa, baridi niliyoijua ni ya friji. Mwezi uliotangulia, kebo ya SEACOM iliyopita chini ya bahari hadi kwetu ilikuwa imeanza kazi, na kila mtu akataka tovuti. Chama kimoja cha wakulima wa kahawa kikaniita nigeuze hati zake za ofisini ziwe kurasa za wavuti.

Matatu ya kutoka Nairobi ilipita Thika, Makutano, Sagana. Karatina wachuuzi walitujazia karoti na ndizi dirishani. Nikamwuliza jirani yangu Mlima Kenya uko wapi. Akanyoshea kidole mawingu. "Uko hapo. Ungekuja alfajiri."

Karani alikuwa mama wa makamo. Kila kitu, kuanzia katiba hadi orodha ya viongozi, alikiandika kwa Word. "Fanya haraka, kijana. Kesho stima hatuna kutwa." Ukame ulikuwa umekausha mabwawa, nchi nzima iko kwenye mgao.

Nikashika njia ya mkato: unaiambia Word ihifadhi hati kama ukurasa wa wavuti, basi. Kwa macho, safi kabisa. Nilipoifungua ndani ya Dreamweaver, programu ya kutengenezea tovuti, nikaona matumbo yake: kila aya imevishwa MsoNormal, fonti imetajwa na kutajwa tena, pamoja na maagizo kadha wa kadha ambayo kivinjari hakina haja nayo. Dreamweaver ina amri maalumu ya kufagia takataka za Word. Nikaibonyeza, faili likapungua zaidi ya nusu. Majedwali yaliyopangwa kwa kugongagonga nafasi hayakufagilika. Hayo niliyajenga upya kwa mkono, githeri ikipoa pembeni.

Saa kumi nikapandisha ukurasa. Mama akavaa miwani.

"Huyu ni nani?"

Kwenye orodha ya viongozi, Wanjikũ alikuwa amegeuka WanjikÅ©. Alama ya hakimiliki, kana kwamba mama wa watu kasajiliwa na kampuni! Mũthoni naye vivyo hivyo.

Kosa lilikuwa langu. Faili lilihifadhiwa kwa UTF-8, ambamo ũ huchukua baiti 2, lakini kichwa cha ukurasa nilikiacha kikitangaza usimbaji wa zamani wa Ulaya Magharibi, unaosoma kila baiti kama herufi kamili. Herufi moja ikazaa mbili. Nikapendekeza tuandike u tupu, yaishe.

"Hiyo si u," akasema mama. "Ni sauti nyingine." Kiswahili changu kina irabu 5, Kikuyu chake kina 7.

Nikarekebisha tangazo lile la usimbaji, nikapandisha tena. Wanjikũ akarudi na kiwimbi chake.

Alfajiri, nikisubiri matatu, niliuona mlima mzima, Kĩrĩnyaga kwa Kikuyu, mita 5,199, bila wingu hata moja.