Vidole vya Himo kwenye Kanuni

Mtu wa Himo hakosi usafiri. Njia panda yetu ina magari ya Moshi na Arusha, ya Holili mpakani, ya Marangu na Rombo, na mabasi yaendayo Dar es Salaam. Hata hivyo, mpaka mwaka 2014 mimi, mpiga kinanda wa kwaya, nilikuwa sijavuka bahari. Kilichonitoa nyumbani ni ala niliyoizoea redioni tu, ndani ya taarab: kanuni.

Milima ya Upare ilitusindikiza upande wa kushoto hadi nikasinzia. Nilipozinduka tuko kwenye mkonge wa Korogwe. Dar nililala, asubuhi nikapanda boti. Nilikuwa nimebeba ndizi mbivu za zawadi. Zilivyofika Unguja, tusiulizane.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, wakati huo kilikuwa kwenye jengo la zamani la forodha, Mizingani, linalotazama bahari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu lete mikono."

Aliigeuzageuza viganja juu, viganja chini. Ni mikono iliyozoea magunia ya mahindi ya soko la Himo, na sidhani kama ilimfurahisha. Kanuni ilikuwa pale mezani, nami nilikwishaanza kuisogelea, lakini akanivutia kiti. Niketi wima, nishushe mabega. Nifumbe ngumi, nifumbue. Nizungushe vifundo vya mikono, kwanza ndani, kisha nje. Nilijiona kama mchezaji wa akiba anayepasha misuli pembeni mwa uwanja, tena kwenye mechi ambayo hataingizwa.

Sababu niliielewa nilipovaa pete. Mpiga kinubi cha Ulaya hutumia vidole vinne vya kila mkono, kile cha mwisho akakiacha. Kwenye kanuni mzigo wote unabebwa na vidole viwili vya shahada, kila kimoja kikiwa na pete inayobana kipande chembamba cha kupigia nyuzi. Kidole chenyewe hakiumii. Maumivu huanzia kwenye kifundo, yakapanda kiwiko hadi bega, hasa kwa mtu aliyekaza mwili kwa woga.

Zoezi la kwanza: kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwenye sauti moja, polepole kiasi cha kuchosha. Mwalimu alifumba macho asione mikono yangu, asikilize tu. Kulia kwangu kulikuwa kunafoka, kushoto kunanong'ona. "Nisijue upi ni upi," akasema. Mikono ikilingana ndipo unapoongeza kasi, na mapigo hayo yakiungana unapata ule mtetemo mrefu unaomfanya msikilizaji wa taarab aingize mkono mfukoni akatunze. Halafu oktava: kulia juu, kushoto chini, kushoto kukichelewa kidogo tu.

Nikadhani sasa wimbo. Akanipa ufunguo wa kukazia nyuzi.

Kanuni ile ilikuwa na nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, yaani sauti 26. Daraja lake limekaa juu ya ngozi, na hewa ya bahari ikiingia ngozi hulegea, sauti zikahama. Kumbe kulinganisha nyuzi nako ni kupasha moto, ila kinachopashwa ni sikio. La kwangu lilikuwa baridi kabisa. Katika rasti, ngazi ya sauti inayotumika kwenye taarab, sauti ya tatu haikai kwenye mi ya kinanda wala kwenye mi bemoli. Inakaa katikati, mahali ambapo kinanda chetu cha kanisani hakina kitufe. Kila nilipoipata niliipandisha, nikidhani narekebisha. Mwalimu akarudisha kijichuma kilicho kushoto mwa nyuzi, bila neno.

Akiwa anangoja sikio langu likubali, alinisimulia habari za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na Mohamed Ibrahim aliyepelekwa Cairo kujifunza muziki, akarudi na kanuni. Nilijipa moyo: yule alisafiri hadi Misri, mimi nimetoka Himo tu.

Nyuzi zilipokubaliana, jua lilikuwa linazama na mlinzi anapitapita na funguo zake. Nikauliza kama naweza kupiga wimbo mmoja tu.

"Kesho saa mbili, mwanangu. Na hizo pete zivue, usije ukalala nazo."