Kisiwa cha kwoka: biskuti ya mtoto ibaki mkobani
Mzazi anayeshuka boti na wanawe kisiwani Rottnest, karibu na Perth, Australia, huenda akakutana na kwoka kabla hata ya kukodi baiskeli. Ana ukubwa wa paka, manyoya ya kahawia, masikio ya mviringo na mdomo kama unaotabasamu. Mtoto wake hukaa mfukoni tumboni, kama wa kangaruu, miezi sita hivi. Mwaka 1696 nahodha Mholanzi Willem de Vlamingh alidhani ni panya wakubwa. Ndipo kisiwa kikaitwa “kiota cha panya”. Kosa la kusameheka! Mchana hujipumzisha vichakani, usiku hula majani. Biskuti humdhuru, na kumlisha au kumshika kuna faini. Tena huuma, pamoja na uso wake ule wa tabasamu.