Namba Iliyochelewa Njiani

Leo tuweke kompyuta kando kidogo, tuongee juu ya mrija.

Usiku wa tarehe 20 Julai 1999, kule Kennedy Space Center, Florida, chombo cha anga Columbia kilikuwa kimebakiza sekunde chache kiruke. Ndani walikuwa watu watano. Mara skrini ikaonyesha hidrojeni sehemu 640 katika milioni kwenye chumba cha injini, zaidi ya mara mbili ya kiwango kilichoruhusiwa. Wahandisi wakasimamisha kila kitu, ikiwa imebaki chini ya nusu sekunde injini ziwashwe. Baadaye ikaonekana namba ile haikuwa ya kweli.

Mimi huandika programu za kusoma vipimo, kwa hiyo swali langu la kwanza lilikuwa: namba hiyo ilitoka wapi?

Mashine ya kupimia haikuwa kwenye injini. Ilikuwa chini, ndani ya jukwaa la kurushia. Ni spektromita, mashine inayotenganisha gesi kwa uzito wa molekuli: hidrojeni 2, heliamu 4, oksijeni 32. Vipima gesi vidogo vya kawaida, vile vinavyochoma gesi kidogo ili kuitambua, vinahitaji oksijeni. Chumba cha injini kilijazwa nitrojeni makusudi ili moto usipate nafasi. Basi ikabidi hewa ya mle ndani ivutwe kwa mirija mirefu hadi kwenye mashine.

Sasa tupige hesabu yetu wenyewe. Chukua mrija wa mita 60, wenye tundu la milimita 4. Ndani yake huingia karibu robo tatu ya lita. Pampu ikivuta lita 3 kwa dakika, gesi itafika baada ya sekunde 15 hivi. Injini za Columbia ziliwashwa sekunde 6.6 tu kabla ya kuruka! Kwa mrija wetu huo, ungesoma habari za jana.

Tena kuna jambo la pili. Gesi ya katikati ya mrija hukimbia kuliko ile inayogusa ukuta. Pumzi moja kali ya hidrojeni hufika ikiwa imetawanyika, ndefu na dhaifu. Namba unayoiona inaweza kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa kule mwanzo.

Ndiyo maana kila kipimo mimi hukihifadhi na saa mbili: saa kilipofika kwenye kompyuta, na saa ambayo jambo lenyewe lilitokea. Tofauti yake ndiyo urefu wa mrija.

Je, wale wahandisi walikosea? Sidhani. Asilimia 0.064 ni kidogo, kwani hidrojeni huanza kushika moto hewani ikifika kama asilimia 4. Lakini uvujaji mdogo unaweza kukua presha ikipanda, na hakukuwa na muda wa kuuliza mara ya pili. Kusimama bure ni hasara ya siku chache. Kutosimama kungeweza kuwa maisha ya watu watano.

Columbia iliruka tarehe 23 Julai. Safari hiyo hidrojeni ilivuja kweli, kwenye bomba la moshi la injini moja, baada ya pini kuchomoka na kutoboa mirija ya kupoza. Ilivujia nje, kwenye moto wenyewe, si ndani ya kile chumba. Walifika salama. Mrija hunusa pale tu ulipowekwa, jamani.