Mkwaju Mfupi

Riziki yangu kwa sehemu kubwa ya umri wangu ilitoka katika mchezo ambao watu wa kwetu Bariadi, kila nilipowaeleza, waliusikiliza kwa adabu hata mwisho, kisha wakaniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Siwalaumu. Nilizaliwa upande wa Somanda, zama ambazo Simiyu haijawa mkoa, kwani mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, na kabla ya hapo tulihesabiwa watu wa Shinyanga. Na katika nchi ile ya pamba, mtama na ng'ombe, fimbo ilikuwa na kazi mbili zinazofahamika, kuswagia mifugo na kuegemewa na wazee. Kwamba mtu mzima angeweza kulipwa ujira kwa kuusukuma mpira mdogo uingie katika tundu la ardhini, na kwamba usingizi ungempaa usiku wa kuamkia kazi hiyo, lilikuwa jambo lililokaribia mzaha.

Aliyenitoa nyumbani alikuwa mjomba wangu, dereva katika mgodi wa Mwadui, ule ulioanzishwa na John Williamson baada ya kuvumbua almasi mwaka 1940. Mjomba alifahamiana na bwana mmoja mpenda gofu, na kwa hisani ya bwana huyo nikapata kazi ya ukedi, yaani kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo, katika kiwanja kidogo cha bara ambacho siku hizi kimekwisha kurudi kuwa malisho. Grini za pale, yaani maduara yanayozunguka mashimo, hazikuwa za nyasi. Nyasi mororo za kunyweshwa maji kila jioni ni anasa katika nchi kavu. Kwa hiyo ilifanyika kama ilivyofanyika katika viwanja vingi vya bara ya Afrika Mashariki, duara la ardhi likasawazishwa, likamwagiwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya mitambo, na mchanga ule ukashikana, ukawa mweusi na mzito, usiopeperushwa na upepo wa kiangazi. Mchezaji alipofika hapo, kedi alishika ubao wenye mpini mrefu, uliofungwa gunia upande wa chini, akauburuta polepole kutoka penye mpira hata penye shimo, akafuta nyayo zote na kuacha ujia mwembamba ulionyooka. Mikono yangu ilinuka oili hata siku za mapumziko, na mama aliponipokea likizoni alidhani nimekuwa fundi wa magari, nami kwa kitambo sikumkatalia.

Ukedi ulikuwa madrasa yangu, na somo la kwanza lililonistaajabisha halikuhusu fimbo bali hofu. Mtu aliyezoea kuamrisha mitambo ya tani nyingi bila kupepesa jicho, na ambaye mkwaju wake wa kwanza ulipaa hewani kwa fahari ya kupendeza, nilimwona akisimama juu ya mpira uliobakiza hatua moja tu kufika shimoni, vifundo vya vidole vimempauka, pumzi ameifungia kifuani, kisha mkono wake wa kulia ukaruka ghafla kama uliochomwa na mwiba, na mpira ukapita pembeni. Kedi huyaona mambo hayo mapema kuliko mwenyewe. Dalili ya kwanza haiko mikononi, iko miguuni: mchezaji aliyeingiwa na wahaka huzipanga nyayo zake, akazipangua, akazipanga tena, na kila mara huzidi kuusogelea mpira bila kujua. Lakini kedi hulipwa kubeba mfuko, halipwi kusema.

Nilijiuliza kwa muda mrefu kwa nini hofu ikae karibu na shimo, mahali ambapo nguvu haihitajiki na mtoto angeweza kumaliza kazi. Jawabu nililolipata, na ambalo sijaona sababu ya kulibadili, ni kwamba mkwaju mrefu hauna deni. Ukikosa, watazamaji husema umekaribia, na ukiingia hupigiwa makofi. Mkwaju mfupi, kinyume chake, hauna thawabu yoyote ila lawama tu, maana ukiingia hakuna anayefungua kinywa, na ukikosa kila mtu hugeuza uso kwa huruma, na huruma ya hadhara ni jambo zito kulibeba kuliko matusi.

Nilipohamia Dar es Salaam na kujipatia nafasi miongoni mwa makedi wa mjini, nikacheza nao, nikawashinda baadhi yao, na baada ya miaka kadhaa nikakubaliwa kuwa mchezaji wa kulipwa, yaani mtu afundishaye wengine asubuhi na kushindania zawadi siku za mashindano, huko Arusha, Moshi, Morogoro na Lugalo, na mara nyingine kuvuka mpaka kwenda Kenya na Uganda. Huko ndiko nilikokutana na grini za nyasi, na huko ndiko hofu niliyokuwa nikiitazama kwa watu iliponigeukia mimi. Katika mchanga njia ilikuwa dhahiri, imeburutwa mbele ya macho ya wote. Katika nyasi njia ni ya kukisia, kwa kuwa majani yana mlalo wake, huyalaza jua na maji na mashine, na mpira uendao polepole huvutwa upande yanakolalia. Hata kanuni zilitubana, maana alama zilizoachwa na viatu vya waliotangulia haikuwa halali kuzigusa, mpaka yalipokuja mageuzi ya mwaka 2019 yaliyoruhusu kuzirekebisha. Zaidi ya yote, zawadi ile ilikuwa ada ya shule ya wanangu na kodi ya chumba. Mtu wa ridhaa hukosa shimo akapoteza kikombe cha kuwekwa kabatini. Mimi nilikosa nikahesabu madaftari.

Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na mpira hauruhusiwi kupungua milimita 42.67, maana yake mipira miwili huweza kuingia bega kwa bega na nafasi ikabaki. Hesabu hii nilikuwa nikiikariri kama dua, na haikunisaidia kitu, kwani mkono haujui hesabu. Iliyonisaidia ni nyingine, niliyoisikia kwa mchezaji wa Nairobi: kwamba huko Marekani, ambako kila mkwaju wa wachezaji wa kulipwa hupimwa na kuandikwa, mkwaju wa futi nane huingia takriban nusu ya nyakati tu. Nilikuwa nikijihukumu kwa sheria ambayo mabingwa wa dunia wenyewe hawaifikii. Tangu siku ile niliacha kuudai mkwaju wa futi nane kama haki yangu, nikauchukua kama bahati, na ajabu ni kwamba ulianza kuingia mara nyingi zaidi.

Mchezaji huyo huyo ndiye aliyenisimulia habari za Doug Sanders, ambaye mwaka 1970 huko St Andrews alibakiza mkwaju usiozidi futi tatu kutwaa mashindano makubwa ya Uingereza, akaukosa, na kesho yake Jack Nicklaus akamshinda katika duru ya marudio. Na habari za Bernhard Langer, Mjerumani, aliyesimama mwaka 1991 katika grini ya mwisho huko Kiawah Island, Ulaya nzima na Marekani nzima zikimtazama, na mkwaju wake wa futi sita ukapita pembeni, Kombe la Ryder likaenda kwa Wamarekani. Wengi hukomea hapo wanaposimulia. Mimi nilipenda zaidi yaliyofuata, kwamba juma moja baadaye mtu huyo alishinda mashindano ya kwao Ujerumani, na mwaka 1993 akalitwaa tena taji la Masters alilolipata mara ya kwanza mwaka 1985. Langer alikuwa na maradhi ya mkono kuruka, maradhi yale yale niliyoyaona kwa mabwana zangu wa mchangani, akabadili mshiko mara kadhaa, akaupeleka mkono wa kushoto chini ya wa kulia, hata akaushikamanisha mpini na mkono wenyewe, bila kuona haya kwamba anaonekana kichekesho. Nami niliubadili mshiko wangu kwa kumfuata. Wenzangu walicheka, na mkono wa kulia, ulionyimwa uongozi, ulitulia nusu.

Nusu iliyobaki niliipata nyumbani. Wakati wa mavuno ukiisha, Usukuma wote hugeuka uwanja wa ngoma, na vyama vikuu viwili, Wagika na Wagalu, ambavyo asili yake ni ushindani wa mabingwa wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hupambana mchana kutwa katika mbina, yaani ngoma za mashindano. Kila kundi huwa na upande wake wa uwanja, yote mawili hucheza kwa wakati mmoja, na hakuna hakimu aliyeketi mezani: watu wako huru kuhama kutoka kundi hili kwenda lile, na lililojaza watu ndilo mshindi. Baba yangu mkubwa alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa Wagika. Nilimkuta mwezi wa Julai akijiandaa, naye amezeeka, sauti yake ingali nzito, nikamweleza taabu yangu kama mgonjwa amwelezavyo tabibu.

"Mwanangu," akaniuliza, "katika ngoma yenu hiyo, mwamuzi ni nani?"

"Baba mkubwa, hakuna mwamuzi ila shimo. Mpira ukiingia umeingia."

"Na hao wanaosimama pembeni?"

"Wanatazama tu."

"Wanaweza kulihamisha shimo?"

Nikacheka, nikasema hawawezi.

"Basi kwa nini unawapigia ngoma?"

Kisha akanieleza kwamba yeye pia hutetemeka, kila mwaka, na angetia shaka siku asipotetemeka. Ila kwake yeye watu ndio mizani, na ni wajibu wake kuzitazama nyayo zao, akiona zinaanza kuelekea kwa Wagalu abadili wimbo. Mtetemeko wake hupata njia ya kutokea katika sauti. Mimi, kwa maneno yake, nilikuwa nimeyabeba macho ya manju nikayapeleka mahali ambapo hayana kazi. Kuhusu samba, dawa ya mvuto ambayo manju hujipaka ili watu wamfuate, alisema jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu aliyeiamini: kwamba ina taratibu ndefu, wa kwanza alfajiri na wa mwisho mlangoni mwa uwanja, na mtu aliyeshughulika na taratibu hana nafasi ya kuogopa. Mimi si mtu wa dawa. Lakini nilirudi Dar es Salaam na taratibu.

Zilikuwa hivi, na sidhani zina siri. Nilisimama nyuma ya mpira nikautazama mlalo mara moja tu, kwa kuwa tazamo la pili ni la woga; nikatoa pumzi mpaka iishe, maana pumzi iliyofungiwa ndiyo inayotoka kwa mlango wa mkono; nikaweka mguu wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, na baada ya hapo sikuruhusu mguu wowote kuhama. Mpira nilipousukuma sikuufuata kwa macho. Niliyaacha macho yatazame unyasi uliokuwa chini yake, nikangoja kusikia. Sikio haliogopi kama jicho, kwa sababu halina cha kuona mbele. Na katika mazoezi niliacha kupanga mipira mingi na kuisukuma mmoja baada ya mwingine kama mtu apepetaye mchele, kwani katika mashindano hupewi mpira wa pili. Nilichukua mmoja, nikacheza na kedi yeyote aliyekuwapo, na aliyekosa alinunua chai na maandazi. Chai ile ilinifunza zaidi ya saa nyingi za upweke.

Kwamba hofu iliondoka, sitasema. Katika mashindano fulani ya Moshi, ambako kama ilivyo kawaida ya viwanja vilivyo chini ya mlima jicho hudanganywa na mwinamo, nilifika grini ya mwisho nikiwa na mkwaju usiofika urefu wa puta yangu, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, na suruali yangu ilikuwa ikichezacheza gotini waziwazi, hata nikaona aibu kwa ajili ya kitambaa. Niliiacha icheze. Nikatazama mara moja, nikatoa pumzi, nikaweka miguu, nikasukuma, nikangoja. Nikasikia mpira ukigonga kikombe cha shimo. Kedi wangu, kijana wa Uru mwenye ulimi mwepesi, aliirudisha bendera akasema, "Mzee, umetetemeka." Nikamwambia ninajua. "Sasa umeingiaje?" Sikuwa na jibu fupi, nikampa bahashishi iliyozidi kidogo kawaida.

Ndiyo maana siwaelewi walimu wa siku hizi ambao kila kijana akikosa humwambia ajiamini. Kujiamini ni matokeo, huwezi kumwagiza mtu matokeo. Ni sawa na kumwagiza mkulima wa Meatu avune. Mwambie aweke mguu wa kulia kwanza. Wapo pia wanaotafuta wokovu dukani, katika fimbo mpya, na ilikuwapo fimbo ndefu ya kukitwa kifuani iliyowatuliza wengi wenye mkono wa kuruka, mpaka wakuu wa mchezo walipokataza kuikita mwilini kuanzia Januari 2016. Nilihuzunika kidogo kwa ajili ya wagonjwa wenzangu, ijapokuwa sikuitumia.

Nimestaafu na kurudi Bariadi, mji ambao umekua kuliko nilivyouacha. Maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalipofanyika Nyakabindi mwaka 2018 nilitembea humo siku nzima nikiulizwa njia na wageni, nami nikiwauliza wenyeji. Kijana mmoja mchezaji wa Dar es Salaam hunipigia simu mara kwa mara, kwani mkono wake umeanza kuruka, na juzi alitaka shauri langu anunue puta ya aina gani. Nilimwambia abaki na ile aliyonayo, fedha iliyobaki aifanye nauli, aje Julai nimpeleke kwenye mbina akawatazame Wagika na Wagalu. Amesema atakuja, ila kwa sasa ana mazoezi mengi.