Kukichora Kilele cha Mawenzi kwa Kalamu Isiyo na Wino

Katika shule yetu hapa Rombo, chini ya Kilimanjaro upande wa mashariki, ukimwambia mtoto achore mlima atakuchorea Kibo: mgongo laini wenye kofia nyeupe juu yake. Hiyo ndiyo picha ya kalenda. Walakini mlima auonao kila asubuhi aendapo shuleni si huo. Kinachosimama mbele ya macho yetu ni Mawenzi, kilele cha mawe matupu chenye meno na nyufa, na urefu wake ni meta 5,149. Kibo, chenye meta 5,895, ki mbali zaidi, ng'ambo ya uwanda mpana ulio kati ya vilele hivi viwili. Jambo hili lilinisumbua sana, maana mtoto achoraye mlima wa kalenda ameacha kuutazama wa kwao. Na mimi nimefundishwa hesabu na jiografia, wala chuoni hatukufunzwa kuchora ila ramani. Basi nikaona sharti nianze mwenyewe.

Rangi za kopo ni ghali, nazo huisha. Kwa hiyo nilichagua kuchora kwa kompyuta. Nilinunua ubao mdogo wa kuchorea, uliokwisha kutumiwa na mtu mwingine, ambao huunganishwa na kompyuta kwa waya. Kalamu yake haina wino wala betri. Ukiikandamiza kidogo alama huwa nyembamba, ukiikandamiza zaidi huwa nene. Kigeni kwa mwanafunzi mpya ni kwamba mkono uko juu ya meza na macho yako kwenye kioo cha kompyuta, kama mtu anayejikuna mgongo. Baada ya majuma mawili mkono huzoea. Programu ninayotumia huitwa Krita, nayo hutolewa bure. Nilifurahi nilipojua kwamba jina hilo kwa lugha ya Kiswidi maana yake ni chaki, maana chaki ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Sasa nieleze habari za mwamba wenyewe. Wazee wa Uchagani husimulia kwamba Mawenzi alikuwa akimsumbua nduguye Kibo kwa kumwomba moto wa kiko mara kwa mara, hata Kibo akakasirika akampiga, na kwa hiyo kichwa chake kimepasuka hivi. Wataalamu wa mawe nao wana maelezo yao, na kwa mchoraji yana faida kubwa. Mawenzi ni volkano iliyozimika kabla ya Kibo. Ilipokuwa ingali hai, mawe yaliyoyeyuka yalipenya katika nyufa zake yakagandia humo, yakawa kuta za jiwe gumu. Baadaye mvua, barafu na upepo vikala mawe laini ya pembeni, kuta zile zikabaki zimesimama. Ndiyo meno tunayoyaona. Mtu akishajua hayo hachori tena meno ovyo ovyo kama ya msumeno. Hutafuta kwanza kuta zilizosimama wima, kisha matabaka ya lava yaliyolala mshazari, kisha mifereji iliyochimbwa katikati yake, na chini kabisa changarawe zilizoporomoka. Mlima una mifupa, kama ng'ombe alivyo na mifupa chini ya ngozi.

Lakini mifupa haionekani pasipo nuru. Mwanafunzi mpya hupenda kuanza kwa mistari, na mwamba hauna mstari hata mmoja. Una nyuso tu, nyingine zinatazama jua na nyingine zimelipa kisogo. Nilijifunza hili kwa kipande cha tofali lililovunjika, nilichokiweka mezani karibu na taa. Uso wa juu ulikuwa na weupe wake, uso wa taa weupe mwingine, na uso wa nyuma giza. Kwa mwezi mzima nilichora kipande hicho kwa vivuli vitatu tu, cheusi, cheupe na cha kati, bila rangi yo yote. Ndipo nikatoka nje kutazama Mawenzi. Kwetu jua la asubuhi hulipiga genge lile uso kwa uso, na kila ufa huonekana. Siku nyingi mawingu hupanda mapema yakafunika kila kitu. Basi nilikuwa nikitazama kwa macho nusu yaliyofumbwa, ili vitu vidogo vipotee yabaki maumbo makubwa, na kabla ya kengele ya shule nilikuwa nimekwisha kuandika mahali pa vivuli.

Jambo la pili ni hewa. Leonardo da Vinci wa Italia aliandika zaidi ya miaka 500 iliyopita kwamba kitu cha mbali hugeuka samawati kwa sababu ya hewa iliyo kati yake na jicho. Migomba yetu ni kijani kizito, msitu wa juu ni kijani kilichofifia, na mwamba wa kileleni, ambao ukiushika ni wa hudhurungi na kijivu, kwa mbali una usamawati ndani ya vivuli vyake. Hapa kompyuta husaidia sana. Picha huchorwa katika matabaka, kana kwamba umeweka karatasi za kioo moja juu ya nyingine: anga tabaka lake, kilele lake, msitu lake, migomba lake. Ukitaka kukififisha kilele hugusi migomba.

Programu inazo brashi nyingi mno, hata za kupiga mhuri wa mawe tayari. Mimi naziacha. Wachoraji wa China, kama Guo Xi aliyechora mwaka 1072, walikuwa na namna mbalimbali za kuburuta brashi kwa ajili ya miamba, na namna moja huitwa pigo la shoka. Natumia brashi moja bapa, naiburuta kwa ubavu, na ukingo wake huacha alama kama ya jiwe lililochanjwa. Kadhalika ukibonyeza herufi M picha hugeuka kushoto kulia, na mlima uliopinda hujitangaza mara moja.

Siku hizi ziko mashine ambazo ukiziandikia maneno machache hukutolea mlima uliokamilika. Kijana mmoja aliniuliza kwa nini najitaabisha. Nilimjibu kwamba mashine hiyo ingenipa picha, lakini nilichokuwa nikitafuta ni macho.

Baba yangu mdogo alikuwa mpagazi wa wapanda mlima kwa miaka mingi, na sasa magoti yake hayamruhusu kupanda. Nilimwekea kompyuta mbele yake, akatazama kimya.

"Hapa ni saa moja na nusu, mwanangu," akasema.

"Umejuaje, baba?"

"Kivuli cha ukuta huu hakijafika mferejini. Kikiondoka, jua huyeyusha barafu ya nyufani, mawe huanza kuanguka."

Sikuwa nimemwambia saa.

Darasa la sita sasa wanachora kwa makaa, vivuli vitatu, na yumo msichana mmoja anayeziona kuta kuliko mimi. Nami nimeanza picha nyingine aliyoniomba baba mdogo: uwanda wa kati, alikopita na mizigo, na Kibo mbele. Wataalamu wamepima kwamba barafu iliyokuwako Kibo mwaka 1912, asilimia 85 ilikuwa imekwisha kutoweka mwaka 2007. Yeye anataka ichorwe ilivyokuwa ujanani mwake. Basi nimechora mwamba kama ulivyo leo, na juu yake nimeweka tabaka la barafu peke yake, linaloweza kufichwa na kufunuliwa. Kila Jumamosi huketi karibu nami na fimbo yake, akionyesha ukingo ulipofika, na mara nyingi husema, "Bado, teremsha kidogo."