Tulivyojifunza Kukagua Hesabu Masisi na Walikale

Mtu akisikia kwamba mkaguzi wa hesabu amefika, mara nyingi moyo humdunda hata kama hana kosa. Wengi humdhania kuwa ni askari wa namna nyingine, asiye na bunduki, aliyekuja kumkamata mwizi. Nasi tulidhani hivyo. Ilitupasa kwenda Masisi na Walikale ili tupate kuyajua mambo kama yalivyo.

Mwezi wa Julai 2017, sisi wanafunzi wawili tuliokuwa tukisoma elimu ya hesabu mjini Goma, tulipewa majuma manane ya mazoezi ya kazi chini ya mkaguzi mmoja mzoefu. Kazi yetu ilikuwa kupima hesabu za miradi midogo ya misaada katika wilaya hizo mbili. Hatutayataja majina ya miradi wala ya watu, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu.

Kabla ya kuondoka, mkubwa wetu alitueleza asili ya kazi hii. Jina lake katika lugha za Ulaya latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kusikia. Maana zamani, watu wengi walipokuwa hawajui kusoma, hesabu zilisomwa kwa sauti na mkaguzi akazisikiliza. Tena alitukumbusha kwamba mtu wa kwanza kupiga chapa kitabu kilichoeleza vema njia ya kuandika kila jambo mara mbili, yaani mali ilikotoka na ilikokwenda, alikuwa mtawa wa Mtakatifu Fransisko, Luca Pacioli. Kitabu chake kilitoka Venisi mwaka 1494. Hakuibuni njia hiyo, bali aliiandika kama wafanyabiashara wa Venisi walivyokuwa wakiitumia. Basi tulifurahi kuona kwamba hata karani katika meza yake aweza kumtumikia Mungu.

Tukapanda pikipiki. Toka Goma hadi Sake njia ni nyepesi. Toka Sake yaanza milima ya Masisi, yenye malisho ya kijani, ng'ombe, mashamba ya maharagwe na viazi, na jibini inayosifiwa hata mijini. Mvua ikinyesha, udongo wateleza kama sabuni. Tulifika tumechafuka hata mkubwa wetu akacheka.

Huko tulikagua ghala moja la mablanketi. Daftari lilisema yalipokewa 600, yakatolewa 412 kwa hati. Basi yalipasa kubaki 188. Tuliyahesabu moja moja, kisha tukarudia: tukapata 131. Yalipungua 57. Mtunza ghala alikuwa mzee mpole, mwenye mvi. Tulipomwuliza alijibu tu, «Wanangu, yalitoka.» Tukamwomba hati, hakuwa nayo. Basi tukaandika upesi katika ripoti yetu: «Blanketi 57 zimepotea; mtunza ghala awajibike.» Tulijiona wakaguzi kamili.

Mkubwa wetu alilisoma karatasi lile, akatutazama, akauliza neno moja tu: «Mmemsikiliza?»

Tukanyamaza, kwa maana tulikuwa tumemwuliza pasipo kumsikiliza. Tukarudi kesho yake, tukaketi naye barazani, tukamwomba aeleze tangu mwanzo. Ndipo alipotuambia habari ya usiku mmoja, watu walipokimbia mapigano katika vijiji vya jirani, wakafika kwake na watoto mvua ikinyesha. Mwenye kutia sahihi hati alikuwa Goma, na simu haikupatikana. Mzee alifungua ghala. Akaingia ndani ya nyumba, akatoa daftari la shule la mwanawe, limevimba kwa maji. Ndani yake mlikuwa na mistari 57: jina la kila mwenye nyumba, kijiji alikotoka, na alama ya kidole gumba. Mistari mitatu wino ulikuwa umetawanyika, haisomeki. Chini walitia sahihi katekista na mkubwa wa kijiji.

Mbona hakulionyesha siku ya kwanza? Alisema aliona haya, kwa kuwa ni daftari la mtoto, tena chafu, nasi tulikuwa na makaratasi masafi.

Lakini mkaguzi haamini kwa huruma, kama vile asivyohukumu kwa haraka. Tulichagua majina sita kwa kufumba macho, tukawatafuta wenyewe. Watano walituonyesha mablanketi yao. Mama wa sita alituambia bila kuulizwa mara ya pili kwamba la kwake aliliuza, apate dawa ya mtoto. Tukaandika yote.

Basi ripoti ikabadilika: mali haikupotea, ila taratibu ilivunjwa, tena mtu mmoja alishika ufunguo na daftari pamoja, jambo lisilofaa. Mzee alipata barua ya onyo. Jambo hili lilituuma sana, maana kwetu alistahili sifa. Tulimwambia hivyo. Akajibu, «Ni haki. Leo nimefungua kwa wenye shida. Kesho mwingine atafungua kwa rafiki zake, naye atasema alinifuata mimi.» Hata leo hatujapata mwalimu aliyetueleza sheria vizuri kuliko yeye.

Toka Masisi tulikwenda Walikale. Tulishukia ziwani, tukavuka Kivu kwa mashua hadi Bukavu, tukapita msitu wa Kahuzi-Biega, Bunyakiri na Hombo, hata tukafika mto Lowa. Hapo nchi ni nyingine: hakuna malisho, ni msitu tu na joto la unyevu. Kila mtu alizungumza habari za Bisie, mahali pa madini ya bati, ambako katika miaka ya kwanza ya karne hii wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni kwa mwendo mrefu wa msituni. Nchi yenye mali nyingi chini ya udongo, na wenye kuibeba hawana viatu: mwanafunzi wa hesabu hana budi kujiuliza ni upande gani wa daftari haukuandikwa.

Katika ofisi tuliyoikagua huko, daftari zilikuwa nzuri ajabu. Hakuna doa, hakuna neno lililofutwa. Risiti 38 za nauli za pikipiki zilipangwa kama askari. Mwanzoni tulishukuru. Kisha tukaanza kushangaa: katika njia zile za matope, mbona hakuna risiti hata moja iliyokunjwa mfukoni? Waendesha pikipiki walikuwa watano, lakini mwandiko ulikuwa mmoja, na namba zilifuatana kama za kitabu kimoja, ingawa zilikuwa za miezi minne. Risiti mojawapo ilikuwa ya tarehe 31 Juni. Wanafunzi wasomao haya, hesabuni siku za mwezi huo.

Tena kulikuwa na jambo la dola. Mwanzoni mwa mwaka 2016 dola moja ilipata faranga zisizofika 1,000. Lakini siku zile za 2017 ilipita 1,500. Karani alivunja dola kwa bei mpya, akaandika kwa bei ya zamani. Gharama ya faranga 150,000 aliiandika kuwa dola 150, hali kwa bei ya 1,500 zilitosha dola 100. Dola 50 zilizobaki hazikuonekana katika sanduku wala katika daftari.

Jioni yule karani alikuja tulikolala. Alikuwa mcheshi, mwenye maneno matamu. Aliweka bahasha mezani, akasema, «Ninyi ni watoto wa nyumbani, mnajua maisha. Hii ni nauli yenu.» Akaenda zake. Wasomaji, hatutaki kujisifu: hatukuirudisha papo hapo. Mmoja wetu alidaiwa karo ya mwaka, na bahasha ilikuwa nene. Tulikaa kimya, taa ikiwaka, mpaka mmoja akasema, «Mzee wa Masisi aliona haya kwa daftari lililoloa mvua.» Hatukuongeza neno. Tulimfuata karani usiku ule ule, tukamrudishia bahasha bila kuifungua.

Asubuhi tulimweleza mkubwa wetu yote, hata kusita kwetu. Hakutukemea. Alisema, «Liandikeni. Zawadi iliyotolewa nayo ni hesabu.»

Miaka imepita, na nchi ile imeona taabu nyingi. Rubaya, katika wilaya ya Masisi, ilitwaliwa na M23 mwaka 2024. Mji wa Goma ulitwaliwa Januari 2025, na mwezi wa Machi mwaka huo vita vikafika Walikale mjini. Magala mangapi yalifunguliwa usiku, na daftari ngapi zilipotea, Mungu ajua. Lakini twaamini wapo wazee wengine walioandika majina kwa penseli katika daftari la mtoto.

Basi, ninyi mnaoshika mfuko wa jumuiya, wa kwaya, wa likelemba au wa shule, twawaomba mambo manne. Andikeni siku ile ile, hata kama karatasi ni chafu. Ufunguo na daftari visishikwe na mtu mmoja. Hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wenye mali, nao wasikie. Tena msikasirike mkiulizwa, maana swali ni ngao ya mwaminifu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 16, wakili aitwa mbele ya bwana wake kutoa hesabu. Na Mtakatifu Matayo mwenyewe aliitwa akiwa ameketi kwenye meza ya ushuru. Siku moja nasi tutaitwa. Mungu atujalie siku hiyo tuwe na daftari la kweli mkononi, hata kama limeloa mvua.